Una uvimbe kwenye titi? Usiogope sindano, dai jibu lake

MWANAMKE anaoga jioni kwa maji ya moto, kama ilivyo kawaida katika baridi ya Molo, na mkono wake unapita juu ya titi la kushoto. Kuna kitu. Ni kidogo, labda kama punje ya mahindi. Anakibonyeza na hakiumi. Anavaa sweta zake mbili, anatoka bafuni na hamwambii mtu. Kwa kuwa hakiumi, anajiambia, kitapotea chenyewe.

Msomaji mpendwa, ikiwa mwanamke huyo ni wewe, au ni mkeo, mamako au dadako, jambo la kwanza kujua ni kwamba uvimbe mwingi unaopatikana kwenye matiti si saratani. La pili ni kwamba hakuna mtu, awe daktari bingwa wa Nairobi au mkunga wa kijijini, anayeweza kuapa kwa kushika tu kwamba uvimbe fulani ni salama. Kutoumia si kibali. Kwa hakika saratani ya titi inapoanza mara nyingi haina maumivu yoyote, na hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya watu kukawia.

Kukawia huko kunatugharimu. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ulikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 watu karibu 6,800 walipatikana na saratani ya titi nchini Kenya, na zaidi ya 3,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umefikia hatua ya tatu au ya nne, wakati ambapo tiba ni ndefu na ghali, na matumaini ya kupona yamepungua.

Kipimo tunachozungumzia wiki hii ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Katika fomu ya daktari utakiona kimeandikwa kwa herufi FNA au FNAC. Maana yake ni kuudunga uvimbe kwa sindano nyembamba, kunyonya chembechembe chache za mwili, yaani seli, na kuzitazama kwa hadubini. Hakuna kulazwa, hakuna kushonwa nyuzi, na mara nyingi mtu hurudi nyumbani au kazini siku hiyo hiyo.

Uvimbe huo huwa nini?

Kwa wasichana na wanawake walio katika miaka ya 20, uvimbe unaoonekana sana ni ule uitwao faibroadenoma. Ni mgumu kiasi, laini pembeni, na ukiubonyeza hukimbia chini ya kidole kama gololi. Si saratani. Kwa wanawake wa miaka 35 hadi 50 au zaidi kidogo, kuna vifuko vilivyojaa maji, ambavyo huvimba na kupungua kufuatana na hedhi. Mama anayenyonyesha anaweza kupata jipu, au maziwa yakakwama ndani na kufanya donge. Aliyegongwa kifuani anaweza kubaki na donge la mafuta yaliyokufa ndani ya titi, na donge hilo hufanana sana na saratani hata daktari mzoefu akadanganyika.

Kisha kuna kifua kikuu cha titi. Nakitaja kwa makusudi kwa sababu wengi hawajui kwamba TB hushambulia hata matiti. Si ugonjwa wa kila siku, lakini katika nchi kama yetu ambapo TB bado ipo, hutokea. Mtu huyo hahitaji kukatwa titi. Anahitaji dawa za TB kwa miezi kadhaa. Ni nani atakayemtofautisha na mwenye saratani, kama si yule anayetazama kwa hadubini kilichotoka ndani ya uvimbe?

Saratani yenyewe huweza kujitambulisha kwa uvimbe mgumu usiosogea, ngozi iliyobonyea au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, damu inayotoka kwenye chuchu, au tezi iliyovimba kwapani. Ukiona lolote kati ya hayo usingoje hata wiki. Lakini usisubiri hayo yaonekane, kwa maana nyingi ya dalili hizi huja baadaye. Wanaume pia wasijione wako salama kabisa: kati ya kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, karibu mmoja ni mwanamume.

Siku ya kudungwa

Tuseme mwanamke wetu ana miaka 38 na anauza viazi mjini Molo. Hatimaye ameamua kwenda hospitali ya kaunti ndogo hapo mjini. Afisa wa kliniki au daktari atamwuliza uvimbe ulianza lini, kama kuna jamaa aliyewahi kuugua saratani ya titi au ya ovari, na hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Atayachunguza matiti yote mawili, si lile lenye uvimbe peke yake, pamoja na makwapa.

Baada ya hapo inafaa apigwe picha. Kwa aliye chini ya miaka 40 kwa kawaida huanza na ultrasaundi, kwa sababu matiti ya wanawake wenye umri mdogo ni mazito na picha ya eksirei ya matiti, yaani mamogramu, haionyeshi vizuri. Ni bora picha itangulie sindano. Sindano inaweza kuacha damu kidogo ndani ya titi, na damu hiyo ikamchanganya anayesoma picha.

Sasa sindano. Unalala chali au unaketi, ngozi inapanguswa kwa spiriti, na daktari anaushika uvimbe imara kati ya vidole viwili ili usikimbie. Sindano inayotumika ni nyembamba. Unene wake hauzidi milimita 0.7, yaani ni sawa na ile inayotumika kukutoa damu mkononi au ni nyembamba kuliko hiyo. Mara nyingi hakuna haja ya ganzi, kwa kuwa kuidunga ganzi yenyewe kunauma sawasawa na kipimo. Ukiwa mwoga, omba, si aibu.

Sindano ikishaingia ndani ya uvimbe, daktari huvuta bomba ili linyonye, kisha huisogeza sindano mbele na nyuma haraka haraka mara kumi au zaidi, akiielekeza pande mbalimbali za uvimbe. Hapo ndipo utahisi kama unavutwa ndani. Yote hayo huchukua sekunde chache. Kabla ya kuitoa huachilia bomba, ili seli zibaki ndani ya sindano na zisirushwe juu kwenye bomba. Anaweza kurudia mara mbili au tatu, na usidhani kwamba amekosea: anayerudia ndiye anayehakikisha kwamba sampuli inatosha. Baadaye utaminya pamba mahali hapo kwa dakika kadhaa. Pengine patabaki alama ya damu iliyovilia, na itaondoka kwa siku chache.

Wakati mwingine jibu la mwanzo hupatikana hapo hapo kitandani. Bomba likijaa maji ya manjano au ya kijani, na uvimbe ukapotea kabisa, kilikuwa kifuko cha maji na mgonjwa ametibiwa kwa sindano hiyo hiyo. Maji yakiwa na damu, au uvimbe ukibaki baada ya maji kutoka, ni lazima yapelekwe maabara na uchunguzi uendelee. Likijaa usaha, ni jipu au maambukizi mengine, na usaha nao unafaa kupimwa.

Mambo mawili usiyafiche. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, sema, na uhakikishe yameandikwa kwenye fomu. Kipimo chenyewe hakikatazwi, lakini seli za titi la mama wa aina hiyo hubadilika kiasi cha kumtia mashaka anayezisoma. Vilevile ukiwa unatumia dawa za kufanya damu isigande, kama warfarin, daktari ajue kabla ya kushika sindano.

“Wataiamsha”

Usiku ule kabla ya kwenda hospitali, jirani atamwambia mwanamke wetu: “Mama, usikubali wakudunge. Yule wa Elburgon alidungwa, hata mwaka hakumaliza.” Maneno haya yamesikika kila mahali katika Bonde la Ufa, na kwingineko, na yamewafungia nyumbani watu ambao wangepona.

Tuyapime. Mtu aliyekuja hospitalini uvimbe ukiwa umepasuka na ugonjwa umeingia kwenye mapafu atadungwa, na pengine atafariki mwaka huo. Jirani ameona sindano na ameona jeneza. Hakuona miaka miwili ya kufichwa iliyotangulia. Ama kuhusu seli kubaki kwenye njia ya sindano nyembamba ndani ya titi, ni jambo la nadra mno, na mgonjwa akifanyiwa upasuaji au kupigwa miale sehemu hiyo hushughulikiwa pia. Madaktari hawajaona kwamba waliodungwa wanaishi muda mfupi kuliko wasiodungwa.

Isitoshe, hii si mbinu ya jana wala ya kujaribiwa kwetu. Mwaka wa 1904 madaktari wawili Waingereza, Greig na Gray, waliokuwa wakichunguza malale nchini Uganda, walidunga tezi zilizovimba za wagonjwa na kuwaona vijidudu wa ugonjwa huo katika majimaji waliyonyonya. Kwa hiyo kati ya kazi za mwanzo za sindano ya aina hii duniani, moja ilifanyika hapa jirani, ingawa haikuhusu saratani. Mwaka wa 1930 Martin na Ellis wa New York wakaandika jinsi walivyoitumia kutambua uvimbe wa saratani. Sindano zao zilikuwa nene kuliko za leo. Ni Waswidi wa Karolinska, Stockholm, katika miaka ya 1950 na 1960, walioeneza matumizi ya sindano nyembamba kwa matiti.

Safari ya kioo

Watu wengi hudhani kwamba wakishadungwa kazi imekwisha. La. Hapo imefika nusu, na kwa maoni yangu nusu ya pili ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi.

Kilichonyonywa hutiwa juu ya vipande vyembamba vya kioo na kupakwa kwa wepesi. Vingine hutumbukizwa mara moja katika alkoholi kali. Vikichelewa hata kidogo seli hukauka na kuharibika. Vingine huachwa vikauke kwa hewa, na hivyo vinatakiwa kukauka upesi. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na anayefanya kazi hiyo asubuhi ya ukungu mwezi wa Julai inabidi avipepee. Jina la mgonjwa na namba yake huandikwa kwa penseli. Si kwa kalamu, kwa kuwa alkoholi huosha wino, na kioo kisicho na jina hakina mwenyewe.

Kutoka hapo vioo hupakwa rangi maalum na kusomwa na mwanapatholojia. Madaktari hawa ni wachache na wengi wako katika miji mikubwa. Mgonjwa wa Molo anaweza kuambiwa aende kudungwa Nakuru, katika hospitali ya rufaa ya kaunti ambayo wengi bado wanaiita PGH, au achukuliwe sampuli karibu na nyumbani kisha vioo visafirishwe. Ni kama kilomita 50, ukipitia Elburgon na Njoro. Kuna juhudi za kupunguza tatizo hili: mwaka wa 2018 ilichapishwa ripoti ya mpango wa Kenya wa kuwafunza wahudumu wengine wa afya kuchukua sampuli za sindano ipasavyo, ili wanapatholojia wachache tulio nao washughulike na kusoma.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, uliza: Vioo vyangu vinapelekwa wapi? Nirudi tarehe gani? Nikipiga simu nimtafute nani? Andika majibu nyuma ya kadi yako ya kliniki. Tarehe ikifika, nenda hata kama hakuna aliyekupigia. Kunyamaza kwa hospitali hakumaanishi kwamba hakuna ugonjwa. Na unapopewa jibu, omba nakala ya karatasi yenyewe, si maneno ya mdomo tu.

Kusoma jibu

Karatasi hiyo haisemi “ndiyo” au “hapana” tu. Wataalamu wa sitolojia waliokutana Yokohama, Japani, mwaka wa 2016 walianzisha mpango mmoja wa kuandika majibu haya, na kitabu chake kikatoka 2020. Una makundi matano.

La kwanza ndilo linalowapotosha watu: sampuli haitoshi. Wengi wakiambiwa “hakikuonekana kitu” hurudi nyumbani wakiimba. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeona chochote, kibaya wala kizuri, na inabidi kipimo kirudiwe au kitafutwe kingine. Kundi la pili ni uvimbe usio wa saratani. Katika kundi hili watu kama mmoja au wawili kwa kila 100 huja kupatikana na saratani, na ndiyo maana daktari hukuambia urudi baada ya miezi michache atazame kama umekua.

La tatu ni seli zisizo za kawaida, ambazo hazijulikani ziegemee wapi; kati ya watu 100 wa aina hii, 15 hivi huwa na saratani. La nne ni shaka kubwa ya saratani, ambapo zaidi ya 80 kati ya 100 huwa nayo. La tano ni saratani, na hapo makosa ni nadra sana, chini ya mtu mmoja kwa kila 100 au karibu na hapo.

Kutokana na namba hizo utaona kwa nini sindano haiachwi iamue peke yake. Daktari mzuri huweka mambo matatu mezani: alichohisi kwa mkono, kilichoonekana kwenye picha, na kilichosomwa kwenye kioo. Yote matatu yakisema si saratani, uwezekano wa kukosea ni chini ya asilimia moja. Likipingana moja tu, uchunguzi unaendelea. Kama mkono unahisi jiwe na karatasi inasema salama, usikubali karatasi ishinde.

Kuna jambo jingine ambalo sindano nyembamba haliwezi vizuri. Inatoa seli zilizotawanyika, si kipande cha nyama, kwa hiyo haionyeshi kama saratani bado imefungiwa ndani ya mifereji ya maziwa au imeshapenya nje. Pia kabla ya tiba ni muhimu kujua kama saratani inalishwa na homoni na kama ina protini iitwayo HER2, kwa maana dawa hutegemea hayo. Kwa kawaida hiyo huhitaji sindano nene zaidi, ya milimita 2 hivi, inayokata vipande vyembamba vya nyama chini ya ganzi. Katika nchi tajiri sindano hiyo nene imechukua nafasi ya nyembamba kwa sehemu kubwa. Kwetu nyembamba bado ina kazi kwa sababu ni rahisi, ni ya haraka, na huwapa jibu mapema wale wengi wasio na saratani. Ukiambiwa urudi kwa sindano ya pili, basi, usione kwamba unachezewa.

La kukataa ni hili: kukatwa uvimbe kisha utupwe bila kupimwa. Hutokea. Mgonjwa anaambiwa ni “kauvimbe tu”, anashonwa, na mwaka unaofuata kumeota tena, wala hakuna anayejua kilichotolewa kilikuwa nini. Chochote kitakachotolewa titini mwako kiende maabara, hata kikiwa kidogo kama harage.

Mwaka wa 2021 WHO ilianzisha mpango wa saratani ya titi ambao moja ya shabaha zake ni kwamba tangu siku mgonjwa anapofika kwa mhudumu wa afya mara ya kwanza hadi apate jibu kamili, zisipite siku 60. Hesabu zako mwenyewe. Iandike tarehe uliyoonekana mara ya kwanza Molo, na siku ya 30 ikipita bila kudungwa au bila jibu, rudi na useme hivyo waziwazi. Ukiambiwa ni saratani, tiba ya miale, ambayo zamani iliwalazimu watu wa huku kwenda Nairobi na kupanga foleni Kenyatta, sasa ina kituo mjini Nakuru pia. Kabla ya safari hiyo jiandikishe na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na ubebe karatasi ya jibu, picha zako zote, na ikiwezekana vioo vyenyewe. Maabara ikiombwa rasmi, inaweza kukupa vioo ukavisafirishe, na daktari wa pili atapendelea kuviona kwa macho yake.